Imezibwa Nyuma

Siku ya kwanza fundi alivuta kamba ya chenso mara thelathini na nane. Nilihesabu kwa sababu nilikuwa nimesimama mlangoni sina la kusema, na mimi nikikosa la kusema huwa nahesabu. Kila akivuta mashine inasema trrr, halafu kimya, kama mtoto anayeamshwa kwenda shule akaitikia na kugeukia ukutani.

Chenso yenyewe, msumeno wa mashine wa kukatia miti, ilikuwa ya marehemu babu. Aliinunua ikiwa imeshachoka, kwa mtu wa mbao wa kijiji cha Mkongo aliyeacha kazi hiyo, na ilikuja na tabia zake. Babu alizijua zote. Tangu afariki ilikuwa imening'inizwa stoo, zaidi ya miezi mitatu, hakuna aliyeigusa.

Tuliihitaji kwa sababu ya msufi. Uko nyuma ya nyumba ya bibi, huku Mohoro, mti mkubwa kuliko nyumba tatu ukizipanga. Upepo wa mwanzo wa masika ulipasua panda lake, na tawi moja, nene kama pipa, likabaki limeinama juu ya paa la chumba anacholala bibi. Halikuanguka na halikushika. Kwenye panda palikuwa na ufa mweupe, na upepo ukipita unasikia mti unakoroma.

Mtu yeyote angesema hama. Tulisema. Lakini bibi alikuwa edani, zimebaki siku ishirini na mbili, na alikuwa ameshaapa kuzimaliza katika nyumba ileile aliyoachwa nayo. Mjomba alikuja kutoka Ikwiriri kwa ajili hiyo tu.

"Mama, hata mwalimu wa madrasa kasema. Penye hofu ya nyumba kuanguka, mjane anaruhusiwa kuhamia kwingine."

"Nyumba imeanguka?"

"Bado."

"Ikianguka njoo uniulize tena."

Mjomba alitoka nje akasimama akiutazama mti mikono kiunoni. Alimwita mkwezi, jirani anayepanda minazi ya watu. Mkwezi akatazama juu, akatikisa kichwa. Shoka haliwezekani, alisema, ukipiga mara mbili tawi zima litakuja na wewe. "Nipeni chenso inayolia. Nitapanda, nitalifunga kamba, nitalishusha vipandevipande kama mtu anayeshusha mtoto. Nikiisikia inalia huko kwangu nitakuja mwenyewe, msihangaike kunipigia."

Ndipo mjomba akamtafuta fundi wa Nyamwage, wa pikipiki na pampu za maji, kisha akarudi zake kazini. Nyumbani tukabaki bibi na mimi. Niko kidato cha tatu Kibiti, nilikuwa likizo, na kazi niliyopewa ilikuwa kuchota maji, kupika, na kuwa mdomo wa bibi. Kwetu sauti ya mwenye eda haitoki dirishani kumwendea mwanamume wa watu. Akitaka kitu anachukua bangili aliyoivua siku ya msiba, anaigonga kwenye chuma cha kitanda, ninaingia, ananiambia, ninatoka, ninasema. Na mdomo wenyewe waliouchagua ni mimi, ambaye mwalimu akiniuliza jina langu natazama viatu.

"Shikamoo," nilimwambia fundi alipofika.

"Marahaba. Wewe ndo msimamizi?"

Nikatazama chini.

"Haya. Nimepewa msimamizi bubu."

Hakusema kwa ubaya. Ni mtu wa umri wa baba mdogo, maneno hayamkauki, na mashine anaziita bibie. Alifungua plagi akainusa, akanionyesha kama vile nimeomba kuona. "Imelowa. Maana yake mafuta yanafika." Akaigusisha kwenye chuma, akavuta kamba, kacheche ka buluu kakaruka. "Na moto upo. Mafuta yapo, moto upo. Sasa bibie anataka nini, mahari?"

Alinusa tangi akakunja uso. Mafuta yamelala, alisema, yameoza humo. Akayamwaga mchangani, akanituma dukani lita moja ya petroli kwenye chupa ya maji, akachanganya na oili kwa kupima na kifuniko. Akavuta. Trrr. Akavuta tena. Akasema sasa imelewa, akatoa plagi, akaipindua mashine juu chini ili ilevuke, akakaa kwenye ndoo akanywa maji. Nusu saa. Akairudisha. Trrr.

Bangili ikagonga kitanda.

"Mke mwenzangu," bibi akaniambia. Ananiita hivyo tangu nikiwa mdogo, na babu alipokuwa hai alikuwa akituambia tusigombane. "Sauti hiyo naijua. Ikilia hivyo mume wetu alikuwa anasema imezibwa..."

Akalitaja neno lenyewe. Sitaliandika. Ni lile la herufi sita linaloanza na m, la mahali pale pa kutolea haja. Mtoto akilisema anapigwa kofi la mdomo, na madereva wakigombana barabarani ndilo linalotoka la kwanza. Bibi alilitamka kama anavyotamka sufuria.

"Mwambie, asihangaike na mengine."

"Bibi, mimi siwezi kusema hivyo."

"Kwani chako? Si cha chenso?"

"Ni wapi huko kwenye chenso?"

"Mie najuaje? Mie nilikuwa jikoni. Alikuwa anaigeuza, anachokoa na kijiti, anaitukana, inawaka. Nenda."

Kutoka chumbani hadi alipokaa fundi ni hatua kumi na mbili. Hatua zote hizo nilikuwa nalitafutia neno nguo ya kulivika. Nilipofika kwake nikasema, "Bibi anasema imezibwa nyuma."

"Nyuma?"

"Nyuma."

Ningejua chenso imeumbwaje nisingesema hivyo. Chenso mbele yake ni ule upanga wenye mnyororo, na nyuma ni mkono wa kushikia. Fundi akaigeuza akaufuata mkono, akafungua kifuniko kilichokuwa huku nyuma karibu na mkono, ndani akakuta chujio la hewa limejaa unga wa mbao mpaka limekuwa kama andazi.

"Bibi kasema kweli," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu. "Mwambie ahsante. Wazee hawa."

Alilisafisha kwa petroli akalipungia kwenye jua. Niliingia nikamwambia bibi fundi kashukuru. Bibi akaegemea ukuta akangoja isikike inalia. Sote watatu tulingoja. Fundi akavuta mara ishirini, fulana imemganda mgongoni, na mashine ikasema lilelile.

"Basi ni kabureta," akasema. "Nayo iko nyuma hukohuko."

Akaifungua kabureta, akaifunga kwenye kitambaa, akaondoka nayo kwenda kuisafisha kwake Nyamwage. Pale ndipo ningeweza kusema. Alikuwa ameshapanda pikipiki, alikuwa hatazami usoni kwangu, ingekuwa rahisi. Nilimwambia, "Safari njema."

Bibi akaniuliza, "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kama nilivyosema?"

"Ndiyo."

"Basi huyo si fundi," bibi akasema. "Mtu anaelekezwa penye donda, yeye anakata kucha."

Jioni ile nilikaa na daftari langu la fizikia, ambalo kurasa za nyuma ndiko ninakoandikia mambo yangu, nikaandika njia zote za heshima ambazo ningeweza kutumia. Sehemu ya siri. Njia ya choo. Haiendi haja. Tundu la mwisho. Nilipata saba. Kila moja nilipoisoma kimoyomoyo nikimuona fundi amenitazama, niliona ni mbaya kuliko neno lenyewe. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba sikuwa najua ni chuma gani babu alikuwa anakitukana. Ningejua jina la chuma, ningesema jina la chuma yakaisha.

Siku ya pili fundi alikuja baada ya adhuhuri. Ufa wa msufi ulikuwa umefunguka. Mkwezi alipita asubuhi akausimamia na kuuliza, "Bado hailii?" nikatikisa kichwa, akaondoka bila neno, na kuondoka kule bila neno kuliniuma kuliko angenisema.

Kabureta ilikuwa inang'aa. Fundi aliirudisha taratibu akipiga mluzi. Akavuta choki, kile kitufe cha kubana hewa, akavuta kamba. Mashine ikasema pwa, moshi mdogo ukatoka sijui wapi, na mimi nikajikuta nimepiga hatua mbele. Ndiyo ilikuwa pwa ya mwisho. Akavuta, akavuta, akabadili mkono, akavuta, na kamba ikakatika, yeye akaenda kinyumenyume mpaka kwenye ukuta wa jiko.

Kamba ya chenso ikikatika kazi yake ni ya kutia wazimu. Kuna springi ya bapa imejikunja ndani kama ukili, ukikosea inafyatuka. Ilifyatuka mara tatu. Mara ya tatu ilimchana vidole, nikamletea maji na kitambaa. Aliketi anajifunga kidole, maneno yamemwishia, mimi nimeshika springi ile mkononi kama mkia wa mnyama. Alasiri yote ikaenda hapo. Wakati kamba mpya ilipokaa, jua lilikuwa limeshakuwa jekundu, na chenso ilikuwa palepale tulipoanza.

Akasema kwa sauti, akilielekea dirisha la bibi ingawa haikupasa, "Bibi alisema nyuma. Nyuma nimemaliza. Chujio nyuma, kabureta nyuma, tangi nyuma. Nyuma hakuna kitu tena, labda nifungue mgongo wangu mwenyewe."

Bangili ikagonga mara tatu harakaharaka.

"Mie nilisema nyuma?" bibi aliniuliza kwa kunong'ona, macho yamemtoka. "Nyuma imetokea wapi?"

"Ndivyo anavyoelewa yeye."

"Kamwambie tena."

Nikatoka. Fundi alikuwa anakusanya spana, kidole kimefungwa, damu imepita kitambaani. Nikasema, "Bibi anauliza kama utakula hapa." Akasema hapana, anawahi. Nikarudi ndani nikasema nimemwambia tena.

Nimeandika uongo huo hapa kama ulivyokuwa. Si mmoja. Nilimdanganya bibi mara tatu kwa siku mbili, na bibi mwenyewe hawezi kutoka kuhakikisha, na juu yake kuna tawi. Nililijua hilo. Kila nilipolala nilikuwa nalijua.

Siku ya tatu mvua ilinyesha alfajiri. Si kubwa, lakini upepo wake ulikuwa na nguvu. Kulipopambazuka tawi lilikuwa limeshuka mpaka limegusa bati. Kila likitikisika lilikwaruza, na chumbani sauti ile ilikuwa kama mtu anayepara samaki juu ya kichwa chako. Bibi alikaa kitandani na tasbihi yake. Nilimwomba akae kwenye pembe ya mlango, mbali na upande ule. Akasogea. Sikuamini. Bibi akisogea ujue ameogopa.

Mjomba akapiga simu. Alisema jioni atakuja na gari, atambeba kwa nguvu ikibidi. "Mwambie aje anibebe," bibi akasema, "dhambi ya kuvunja eda ataibeba pamoja na mimi."

Fundi alifika saa nne. Hakunitania. Alivuta kamba mara tano, akaitazama plagi, imelowa, akaikausha, akavuta mara tano nyingine. Akaweka mashine chini, akaanza kurudisha spana zake mfukoni moja moja.

"Mimi nimefika mwisho," akasema. "Mwambie mjomba wako mashine hii imekufa na mwenyewe. Na mwambie bibi yako, kwa heshima zote, ahame."

Juu ya bati tawi likakwaruza, refu, na ndani nikasikia bibi ametuliza tasbihi.

Nikalisema. "Bibi hakusema nyuma. Bibi alisema imezibwa..." na neno lote likatoka, na m yake mwanzoni na u yake mwishoni. Lilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, kwa sababu sijui kupima sauti yangu, sina mazoezi. Kuku waliokuwa karibu walitawanyika. Nilihisi masikio yangu yanaungua.

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alisimama na spana namba kumi mkononi, akaitazama chenso, akanitazama, akaitazama tena, akapiga magoti.

"Ekzosi," akasema polepole. "Bomba la moshi. Mama yangu."

Ekzosi ya chenso iko mbele, kando ya shina la upanga, inatazama upanga unakoelekea. Alifungua skrubu mbili, kikatoka kibati kilichoungua, cheusi. Wavu wake ulishatoka zamani, na ndani ya tundu palijaa udongo, mgumu, umelainishwa vizuri kama ukuta wa nyumba. Nyigu. Wale wanaofinyanga udongo kwenye fremu za milango. Miezi mitatu stoo walikuwa wamepata chumba. Fundi alichokoa na bisibisi, udongo ukatoka vipande, na kati ya vipande wakatoka buibui wadogo, laini, wamelala kama waliokunywa dawa, chakula cha watoto wa nyigu.

"Inavuta hewa, pa kuitolea haina," akasema. "Siku tatu mimi naisafisha pua." Akakipuliza kibati. Halafu bila kunitazama, "Fomu Thirii. Siku tatu unaniambia nyuma."

"Nyuma ni..."

"Nyuma kwa mtu. Kwa chenso nyuma iko mbele." Alifunga skrubu ya kwanza. "Ungesema hata kwa kuandika. Ungeniandikia mchangani na kijiti, ukafuta."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Katika zile njia zangu saba, hiyo haikuwemo.

Alivuta mara ya kwanza, ikakohoa. Mara ya pili ikawaka, moshi mweupe ukatujaa, na kelele yake ikaenda kijiji kizima. Fundi aliiacha inanguruma mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mimi sikufurahi. Nilitaka kufurahi, lakini kitu pekee nilichokuwa nafikiria ni kwamba ingeweza kulia hivi juzi, saa kama hizi.

Mkwezi alikuja kweli, mbio, na kamba begani. Alipanda hadi pandani akashuka. Akapanda kwa upande mwingine akashuka. "Hapapandiki tena," akasema. "Juzi nilikuwa na pa kukanyaga. Juzi lingefungika. Leo nikiweka mguu tunakwenda wote."

Fundi akanitazama. Mara moja tu.

Wakaiegemeza ngazi kwenye kona ya nyumba, mkwezi akakata akiwa juu ya ngazi, fundi ameshika kamba chini. Vipande viwili vya nchani vilishuka vizuri. Cha tatu kilipoachia, shina la tawi likakosa uzito wa mbele, likageuka pandani, likateleza. Lilipiga paa kwa upande wake mnene. Bati mbili zilikunjika kama karatasi, na boriti moja ikaingia chumbani, juu ya kitanda, mahali ambapo asubuhi bibi alikuwa amekaa.

Nilikuwa naye pembeni ya mlango, nimemfunika kwa kanga na mwili wangu. Vumbi lilipotua tuliona mbingu. Bibi aliitazama boriti kwenye mto wake, akasema Alhamdulillahi, akaniomba maji. Nikamletea glasi.

Nje mkwezi na fundi walikuwa wanaulizana kwa sauti kama yuko salama. Nilitoka nikawaambia yuko salama. Nikarudi. Na pale, kabla sijafikiria, nikamwambia bibi yote. Kwamba sikulisema siku ya kwanza. Kwamba nilisema nyuma. Kwamba ile mara ya pili nilimuuliza fundi habari za chakula.

Bibi alikunywa maji yakaisha.

"Kwa hiyo yule ni fundi."

"Ndiyo, bibi."

"Na mie siku tatu namsengenya hapa ndani. Namwita mkata kucha."

"Ndiyo."

"Kwa uongo wako."

Alinirudishia glasi. Nilitegemea anigombeze, nilikuwa hata nimejiandaa, lakini alikuwa anatazama juu, kule kwenye uwazi, wingu jingine lilikuwa linakuja kutoka upande wa delta na turubai hatukuwa nalo.

"Usengenyaji unataka radhi," akasema. "Mie nina siku kumi na tisa siwezi kutoka, na kufa ni leo au kesho, umeona mwenyewe. Kaniombee radhi kwake. Mwambie nilimsema nini, lote, usilivike nguo. Halafu ndiyo umuulize mkwezi habari ya turubai."

Fundi alikuwa ameshafunga mfuko wake kwenye pikipiki na ameiwasha. Nilikwenda nikasimama karibu na usukani. Nikasema alichonituma bibi, na baada yake nikasema na langu. Alikuwa haniangalii, ameinamisha sikio. Akazima pikipiki.

"Sijasikia," akasema. "Anza tena."